Kutoa na Kurudisha Mota ya Pampu Kwenye Chemba Finyu Bila Kuumiza Mgongo: Mwongozo Kamili

Mafundi wengi wanaoumia mgongo ndani ya chemba za pampu wanaijua vizuri kanuni ya kunyanyua. Wameiona kwenye mabango: kunja magoti, nyoosha mgongo, shika mzigo karibu na tumbo, inuka kwa nguvu ya miguu. Kisha wanaingia kwenye chemba yenye upana wa mita moja. Bomba la maji limekatiza usawa wa kifua, mota iko nyuma ya pampu, na kanuni yote inakwama mlangoni. Hakuna nafasi ya kukunja magoti. Mzigo hauwezi kuletwa karibu na tumbo kwa sababu bomba liko katikati. Fundi anajipinda, ananyoosha mikono, anavuta. Kesho yake hawezi kuinama kufunga viatu.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja: kutoa mota ya kilowati 4 hivi kutoka chemba ya chini ya ardhi, kuitengeneza na kuirudisha. Chemba za namna hii ziko chini ya maghorofa, hoteli, hospitali na viwanda vingi vya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Hatua hizi zinafaa pia kwa vali kubwa au gia boksi iliyobanwa kwenye kona.

Shika jambo moja tangu sasa. Ndani ya chemba finyu hakuna namna salama ya kunyanyua mota kwa mikono. Mgongo unalindwa na maandalizi yanayofanyika juu, kabla mguu wa kwanza haujakanyaga ngazi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kundi la kwanza ni la uhai. Kikikosekana kimoja, kazi isianze.

- Kibali cha kazi cha kuingia sehemu finyu, kilichosainiwa siku hiyo
- Kipima hewa kinachosoma oksijeni, gesi zinazowaka, na gesi mbili za sumu: haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi
- Feni ya kupuliza hewa yenye bomba linalofika chini kabisa
- Kufuli ya swichi ya umeme na kibandiko chake chenye jina, kwa kila fundi anayeingia
- Harnesi (mikanda ya kuvaa mwilini), kamba, na tripodi (stendi ya miguu mitatu) yenye winchi ya kumtoa mtu
- Mtu wa juu asiyepewa kazi nyingine yoyote, hata ya kupokea simu

Kundi la pili ni la kunyanyulia.

- Cheni bloku (kifaa cha mnyororo cha kuinulia mizigo) ya nusu tani au tani moja, iliyokaguliwa, yenye ndoano isiyofunguka mdomo
- Boriti imara au tripodi ya mizigo. Hii ni tofauti na tripodi ya kumwokolea mtu. Winchi ya mtu isinyanyue mota, maana ukiihitaji kwa dharura itakuwa imeshikwa na mzigo.
- Mikanda miwili ya kunyanyulia na pingu zake (vyuma vya kuiunganisha na mzigo au ndoano)
- Kipande cha plaiwudi nene na mabomba matatu mafupi ya chuma ya kuviringishia
- Mtaimbo mfupi na vipande vya mbao ngumu
- Kamba ya kuongozea mzigo, angalau mita 5

Kundi la tatu ni la mwili wako: pedi za magoti, kipande cha godoro la povu, stuli fupi, tochi ya kichwani, taa ya volti ndogo, spana na soketi za mpini mrefu, mafuta ya kulegeza kutu, ndoo yenye kamba ya kushushia vifaa, maji ya kunywa na saa.

Mkanda wa mgongo haumo, na si kwa kusahau. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilichunguza mikanda hiyo na mwaka 1994 ikatamka kwamba haipendekezi itumike kuwakinga wafanyakazi wasio na jeraha dhidi ya kuumia. Hatari yake ninayoiona mimi ni kwamba aliyejifunga mkanda hupata ujasiri wa kunyanyua asichopaswa kukigusa. Fedha hiyo inunulie pedi za magoti.

## Kwa nini kilo 35 si kilo 35

Kabla ya hatua yoyote, elewa hesabu hii. Ndiyo itakayokupa hoja msimamizi atakaposema, "Fundi, hiyo si nzito, mshikeni wawili mtoe."

NIOSH ina kanuni ya kukadiria uzito wa kunyanyua iliyopitiwa upya mwaka 1991. Inaanzia kilo 23, tena katika hali bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, hujajipinda, una vishikio vizuri. Kila hali inapoharibika, kilo zinapungua.

Sasa ingia chembani. Mota iko sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu yako badala ya 25: kilo 23 zinakuwa 11.5. Umejipinda nyuzi 45 kwa sababu ya bomba: zinabaki kama 9.8. Mikono inashika mzigo ukiwa sentimita 20 tu kutoka sakafuni: zinabaki kama 8.2. Mota yako ina kilo 35.

Na hesabu yenyewe bado ni ya ukarimu. Waliotunga kanuni hiyo walisema wazi kwamba isitumike kwa mtu aliyepiga magoti, aliyekaa, au aliye mahali pasipo na nafasi. Fundi wa chembani ana yote matatu. Hata hizo kilo 8 hana uhakika nazo.

Kuongeza mtu wa pili hakuponyi tatizo. Chembani watu wawili hawawezi kusimama vizuri kuuzunguka mzigo, na mmoja akiteleza uzito wote unamwangukia mwenzake kwa ghafla. Misuli ya mgongo haikujiandaa, na hapo ndipo inapochanika.

## Hatua ya 1: Pima chemba ukiwa juu

Chukua tepu na karatasi. Andika ukubwa wa mlango, kina cha chemba, umbali wa mota kutoka ukutani, na umbali wake kutoka chini ya mlango. Chora mchoro, hata kama ni mbaya.

Soma uzito kwenye kibati cha mota. Kama kimefutika, tafuta namba ya fremu. Mota nyingi za viwandani hufuata vipimo vya kimataifa, na fremu ya 112 maana yake katikati ya shafti (mhimili unaozunguka) iko milimita 112 juu ya miguu ya mota. Ukiwa na namba hiyo, muuzaji atakutajia uzito kutoka kwenye katalogi, na mota mbadala utakayonunua itakaa sawasawa kwenye bezi (kitako) ile ile. Faida ya pili inaokoa mgongo kuliko ya kwanza: mota isiyolingana kimo hukulazimisha kurudi chembani mara tatu kuhangaika na vibati vya kuweka chini ya miguu yake.

Kisha jiulize swali ambalo mafundi wengi hawajiulizi: ni kipi hasa kinacholazimika kufanyika chini? Kubadilisha beringi, kusafisha, kupima waya, kufunga kapulingi mpya (kiungo cha shafti ya mota na ya pampu), yote hayo yanaweza kufanyika juu. Kinachobaki chini ni kufungua na kufunga. Kila dakika unayoihamisha kwenda juu ni dakika ambayo mgongo haujapinda.

Mchoro wako uonyeshe njia ambayo mota itapita hadi nje bila kubebwa na mkono wa mtu. Kama kuna sehemu hata moja umeandika "hapa tutainyanyua kidogo", rudi kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Zima, funga, pima hewa

Zima umeme kwenye swichi kuu, weka kufuli yako, tembea na ufunguo wako mfukoni. Funga vali za pande zote mbili za pampu. Jaribu kuwasha ili uhakikishe haiwaki.

Pima hewa ukiwa nje, ukishusha kipimio kwa kamba: juu, katikati, chini. Usipime juu pekee, kwa sababu haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa na hukaa sakafuni, hasa chemba ikiwa jirani na maji taka. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5 au ikizidi 23.5, hakuna kuingia. Gesi zinazowaka zisifike asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka. Haidrojeni salfaidi ikifika sehemu 10 kwa milioni, au kaboni monoksaidi ikifika 35, funga mlango na uongeze hewa. Endelea kupima muda wote kazi inapoendelea.

Onyo: usishushe jenereta wala pampu ya petroli chembani, hata kwa kunyonya maji kidogo. Moshi wake unaua bila kupiga hodi. Na mwenzako akianguka chini, usimfuate. NIOSH iliwahi kuripoti mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu walikuwa ni watu walioingia kuokoa. Mvute kwa winchi, piga simu ya dharura.

Nimeweka hatua hii kwenye mwongozo wa mgongo kwa sababu ya haraka. Fundi anayesikia kichwa kikimuuma kwa hewa mbaya hufanya kila kitu upesi ili atoke, na anapofanya upesi ndipo anapojipinda na kuvuta.

## Hatua ya 3: Tundika cheni bloku kabla ya kugusa boliti

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Wanafungua boliti zote kwanza, mota inalegea, halafu ndipo wanaanza kutafuta cheni bloku. Kufikia hapo wamechoka, mota imeelemea upande mmoja, na mkono wa mtu unakuwa ndio cheni bloku ya muda.

Tundika sasa, boliti zikiwa bado zimekaza. Ndoano iwe wima juu ya mota. Ikivuta kwa mshazari, mota ikiachia bezi yake itabembea, na aliye chini atanyoosha mikono kuizuia bila kufikiri. Hakuna anayeweza kujizuia asifanye hivyo, kwa hiyo mwondolee sababu ya kufanya.

Tumia jicho la kunyanyulia, yaani pete ya chuma iliyo juu ya mota, na ukumbuke limetengenezwa kubeba mota peke yake. Usilitumie kunyanyua mota ikiwa bado imeungana na pampu au bezi. Jicho likiwa halipo au limepinda, tumia mikanda miwili. Angalia pembe: mikanda ikiwa nyuzi 60 kutoka usawa wa sakafu, kila mmoja unabeba asilimia 58 hivi ya mzigo. Ikilala hadi nyuzi 30, kila mmoja unabeba uzito mzima. Mikanda mirefu ni salama kuliko mifupi.

Mlango usipokuwa juu ya mota, ambayo ndiyo hali ya chemba nyingi, utahitaji vituo viwili. Kwanza mota iviringishwe juu ya plaiwudi na mabomba mafupi hadi chini ya mlango, kisha cheni bloku iichukue. Kwa hali hiyo andaa njia ya plaiwudi sasa hivi, na uongeze ndoano ya pili ya kuinulia kidogo pale mota ilipo, hata kama ni kwenye boriti fupi iliyolazwa kati ya kuta mbili zenye nguvu.

Ukimaliza, cheni imekaza kidogo, mota haijainuka, na ukisukuma cheni kwa kidole haiendi mbali. Hapo umefaulu.

## Hatua ya 4: Andaa pa kukaa, halafu andaa mwili

Shuka mara ya kwanza bila spana. Kazi ya safari hii ni kutandika godoro, kuweka taa na kuchagua mkao.

Kanuni ya mkao ni fupi: kitovu kiitazame boliti. Kama kitovu kinatazama ukuta na mikono inafanya kazi pembeni, uti wa mgongo umejisokota, na kuinama pamoja na kujisokota ndiyo hali ambayo diski zake (mito laini kati ya pingili) huistahimili vibaya zaidi. Hama mwili wote. Boliti ya upande wa pili ifuate kwa kuzunguka, au kwa soketi yenye kiungo cha kupinda, wala usijinyonge kuifikia.

Mkao unaofaa kwa chemba nyingi ni goti moja chini na mguu mwingine umekanyaga, ukibadilisha kila mara. Au kaa kwenye stuli fupi, mkono mmoja umeegemea bomba au ukuta. Huo mkono wa kuegemea unasaidia kuliko unavyodhani. Mwili wako kuanzia nyonga kwenda juu, pamoja na kichwa na mikono, ni zaidi ya nusu ya uzito wako wote. Ukiinama, mgongo wa chini unaubeba hata kama mkononi una spana tu. Ukiegemea, sehemu ya uzito huo inapita kwenye mkono kwenda ukutani.

Kupiga magoti yote mawili kunafaa kwa kufungua, lakini hakufai kwa kunyanyua. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wachimbaji wa makaa ya mawe kwenye migodi yenye dari fupi ulionyesha kwamba aliyepiga magoti ana uwezo mdogo wa kunyanyua, kwa sababu miguu haisaidii tena na mgongo unabaki peke yake.

Kuhusu saa ya kuanza: ukipata nafasi ya kuchagua, usianze kazi ya kuinama mara tu ulipoamka. Usiku diski hunyonya maji na kuvimba kidogo, na saa ya kwanza ya asubuhi zinakuwa ngumu kupinda na rahisi kudhurika. Fanya maandalizi ya juu kwanza. Vivyo hivyo kama umetoka kuendesha pikapu kwa saa mbili, tembea tembea dakika kumi kabla ya kushuka.

## Hatua ya 5: Legeza boliti bila kupigana nazo

Pulizia mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla. Kama hukuweza, pulizia ukiwa unafunga cheni bloku, ili yapate muda wa kupenya.

Mpini mrefu unafanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na mgongo. Boliti inayohitaji nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 100, kwa spana ya sentimita 30, inataka uvute kama uzito wa kilo 34. Kwa mpini wa sentimita 60, kilo 17. Chembani kilo 17 tayari ni nyingi, kwa hiyo mpini mfupi haufai kabisa. Nunua mpini mrefu uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Bomba la kuchomeka kwenye spana huteleza, na likiteleza unaangukia nyuma ukiwa umejipinda.

Vuta kuelekea kwako, kwa mivuto mifupi, ukiwa umeegemea. Weka mwili mahali ambapo boliti ikiachia ghafla hutaanguka popote. Boliti isipokubali mara tatu, acha: ongeza mafuta, gonga kichwa chake kwa nyundo, subiri. Ikikataa kabisa, mwambie msimamizi ikatwe. Boliti mpya ni bei ya soda chache.

Usizitoe zote. Acha mbili za pembe zinazopingana zikiwa zimelegezwa tu.

## Hatua ya 6: Toka nje baada ya dakika 15

Hatua hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote.

Ukiinama kwa muda mrefu, misuli ya mgongo hunyamaza na mzigo unahamia kwenye kano zinazounganisha pingili. Kano hizo hunyooka taratibu, kama mpira wa kufungia mzigo uliokaa juani ukivutwa. Uti unapoteza ukakamavu wake. Mtafiti Stuart McGill na mwenzake Brown walipima jambo hili mwaka 1992: watu walikaa wameinama kikamilifu kwa dakika 20, kisha wakapumzika. Baada ya dakika 2 walikuwa wamerudisha kama nusu ya ukakamavu. Hata baada ya nusu saa wengine hawakuwa wamerudia hali yao yote.

Tafsiri yake kwa fundi ni hii. Ukimaliza kufungua boliti nne ukiwa umeinama, mgongo wako kwa nusu saa inayofuata hauna ulinzi wake wa kawaida. Na hiyo hasa ndiyo dakika ambayo mota imelegea na kila mtu anataka itoke. Ndiyo maana wengi huumia mwishoni mwa kazi, tena kwa kitu chepesi. Wanashangaa: "Nilikuwa naokota spana tu." Spana haikuwa na kosa. Kuinama kulikotangulia ndiko kulikofungua njia.

Kwa hiyo:

1. Mtu wa juu aangalie saa. Dakika 15 zikifika, anaita, na aliye chini anatoka hata kama imebaki boliti moja.
2. Akitoka anasimama, anaweka mikono kiunoni, anajinyoosha kwenda nyuma polepole mara kadhaa, anatembea. Haketi kwenye ndoo akiwa amejikunja tena juu ya simu.
3. Aliyefungua boliti siye anayesukuma mota kwenye plaiwudi. Anaingia mwenzake. Mkiwa na fundi mmoja tu, apumzike nusu saa kabla ya hatua ya saba.

Msimamizi atalalamika kuhusu muda. Mwonyeshe kwamba kubadilishana hakusimamishi kazi: wakati mmoja yuko chini, mwingine anaandaa meza na spea.

## Hatua ya 7: Toa mota

Ondoa kava la kapulingi, weka alama kwa rangi jinsi nusu mbili zilivyokaa, zitenganishe. Toa waya na uzifunge kwa utepe wenye alama. Fungua boliti mbili zilizobaki.

Rudisha mota nyuma kwa mtaimbo ulioegemea kipande cha mbao, sentimita moja moja. Usiivute kwa mikono. Mtaimbo unakupa nguvu mgongo ukiwa umetulia.

Inua kwa cheni bloku sentimita 5 tu, kisha simama. Angalia: inaning'inia sawa? Mkanda umekaa? Ishushe juu ya plaiwudi, iviringishe hadi chini ya mlango, funga ndoano ya kutolea, funga kamba ya kuongozea.

Sasa aliye chini anatoka. Hakuna mtu anayebaki chembani mota ikipanda. Inaongozwa kwa kamba kutoka juu, na ikigusa ukuta inashushwa kidogo na kuelekezwa upya. Wengi hubaki chini "kuisaidia" isigonge bomba, na mkono huo wa kusaidia, umenyooshwa juu ya kichwa mgongo ukiwa umejikunja nyuma, unaumiza. Kukichomoka kitu, yuko chini ya kilo 35 za chuma bila pa kukimbilia.

Mota ikianza kuanguka, iache ianguke. Waambie wote hivi kabla ya kuanza, kwa maneno haya haya, na msimamizi aseme mwenyewe mbele yao. Fundi anayeogopa kukatwa mshahara ataidaka.

## Hatua ya 8: Tengeneza juu ya meza

Ishushe moja kwa moja juu ya toroli au meza ya usawa wa kiuno, si sakafuni. Mota iliyowekwa sakafuni itahitaji kunyanyuliwa tena, na ukarabati wote utaufanya umeinama. Badilisha beringi, safisha, pima. Funga kapulingi na jicho la kunyanyulia kama halikuwepo. Safisha miguu ya mota iwe tambarare, kazi ya kupanga shafti itapungua.

## Hatua ya 9: Irudishe, na uilinganishe kwa boliti

Rudia njia ile ile kinyumenyume: pima hewa upya, chemba iwe tupu mota ikishuka, plaiwudi, mabomba, mtaimbo.

Kulinganisha shafti, yaani kuiweka ya mota mstari mmoja na ya pampu, kunaumiza migongo kimya kimya. Fundi anainua kona ya mota kwa mkono mmoja, anasukuma kibati chini yake kwa mkono wa pili, anaachia, anapima, anainua tena. Kila mara ni uzito mdogo, lakini umejipinda na unarudia.

Fanya hivi badala yake. Acha cheni bloku au ndoano ya pili ibebe sehemu ya uzito. Kona iinuliwe kwa mtaimbo mfupi, au kwa boliti za kusukumia zilizochomelewa kwenye bezi. Vibati vikatwe juu kabla, vya unene tofauti, vyenye mdomo wa kuingilia boliti, vipangwe kwenye mfuko mmoja. Anayepima na anayekaza wapeane zamu, na saa ya dakika 15 inaendelea kuhesabu.

Ukizungusha shafti kwa mkono na ikaenda laini duara zima, kaza boliti kwa mshazari, rudisha kava, hesabu vifaa kwenye ndoo, toka. Kufuli inatolewa na mwenye nayo.

## Kwa anayesimamia jengo au kiwanda

Kama pampu hiyo itatolewa tena, na itatolewa, tengeneza chemba mara moja. Weka boriti ya kudumu yenye toroli ya cheni bloku juu ya mota. Chomelea boliti za kusukumia kwenye bezi. Panua mlango au uuhamishie juu ya mota. Bandika karibu na mlango kibati chenye uzito wa mota, namba ya fremu na saizi za spana. Haya yanagharimu kidogo kuliko mwezi mmoja wa fundi aliyelala nyumbani.

Na acheni neno "dakika tano tu". Kazi inayoitwa hivyo ndiyo inayofanywa bila cheni bloku.

## Mgongo ukishtuka kazini

Ukisikia mkato au mgongo umekaza ghafla, simama hapo hapo. Usijaribu "kumalizia". Kama huwezi kupanda ngazi, utolewe kwa harnesi na winchi.

Maumivu ya kawaida ya misuli hupungua mtu akiendelea kutembea kidogo kidogo. Kulala kitandani siku nyingi huchelewesha nafuu. Usikubali kukandwa wala kuvutwa na mtu yeyote kabla ya kuonwa na mhudumu wa afya kama uliangukiwa na kitu au ulianguka.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya: ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila hiari, kushindwa kuzuia haja kubwa, mguu kukosa nguvu au miguu yote kufa ganzi. Hizo ni dalili za mishipa ya fahamu kubanwa, na kuchelewa kunaweza kuleta kilema cha kudumu.

Toa taarifa kazini siku ile ile, kwa maandishi: saa, mahali, ulikuwa unafanya nini, nani alikuwepo. Piga picha ya taarifa ikiwa imepokelewa. Tanzania, madai ya fidia hupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao huchangiwa na mwajiri wala si kwa kukata mshahara wako. Kenya, haki hiyo inalindwa na sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kama WIBA. Mwambie daktari wazi kwamba uliumia kazini, na uhakikishe ameandika hivyo kwenye faili tangu siku ya kwanza. Mgongo hauonyeshi jeraha kwa nje, na mstari huo wa daktari mara nyingi ndio ushahidi pekee utakaokuwa nao.